Laptopu ipi ununue: orodha yangu, kuanzia ya kuchukua hadi ya kukimbia

Ukiingia Kariakoo kutafuta laptopu, jambo la kwanza utakaloambiwa ni "Core i7 hii, bosi". Winga analitamka kabla hujamaliza kueleza shida yako, na mara nyingi hasemi uongo: stika ipo, na prosesa, yaani ubongo wa mashine, ni i7 kweli. Asichokuambia ni kwamba i7 hiyo ni ya 2015, ina kori mbili (vichwa vya kufanyia kazi), na ile i5 isiyo na mbwembwe kwenye meza ya pili inaiacha mbali. Ndiyo maana orodha hii haifuati jina la prosesa wala mng'ao wa kava. Inafuata mambo mawili: kizazi cha mashine, na kama fundi wa mtaani kwako anaweza kuifungua akaitengeneza.

Sehemu kubwa ninazungumzia mtumba, yaani mashine zilizotumika maofisini huko Ulaya, Marekani na Ghuba kisha zikaletwa kwetu, zile ambazo Nairobi wanaziita ex-UK. Mpya za bei ya chini zimo pia, ila ziko mkiani, na nitaeleza kwa nini.

Bei sitaziandika. Mtumba hauna bei ya kiwandani, dola haitulii, na mashine ileile inaweza kutajwa kwa bei tatu ndani ya mtaa mmoja. Pita maduka matatu, uliza, shukuru, ondoka. Ukirudi mara ya pili ndipo uanze kuomba kupunguziwa.

Namba ya kusoma kwanza

Prosesa ya Intel huandikwa hivi: i5-8350U. Achana na kilicho kabla ya kistari, tazama kinachofuata. Hapo ni 8, basi ni kizazi cha nane. Kuanzia cha kumi tarakimu zinakuwa mbili: i5-10210U ni ya kumi, i5-1135G7 ni ya kumi na moja. Ukiwa dukani bonyeza kitufe cha Windows na herufi R, andika dxdiag, utaona jina zima la prosesa bila kumuuliza mtu.

Mstari wangu ni kizazi cha nane. Chini ya hapo sinunui, na simshauri mtu anunue.

Sababu ya kwanza ni nguvu. Hadi kizazi cha saba, prosesa za laptopu nyembamba za ofisini zilikuwa na kori mbili, hata zilizoitwa i7. i7-7600U ina kori mbili. Agosti 2017 Intel ikatangaza kizazi cha nane, na i5-8250U ya kawaida kabisa ikaja na kori nne. Mtu aliyenunua i7 ya kifahari mwanzoni mwa mwaka ule alipitwa na i5 kabla mwaka haujaisha. Kwa matumizi ya kila siku, kufungua kurasa nyingi, Zoom huku Excel iko wazi, tofauti hiyo unaihisi bila kupima chochote.

Sababu ya pili ni Windows. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, orodha ya prosesa zinazokubalika inaanzia kizazi cha nane ukiacha chache sana. Ukikutana na HP EliteBook 840 G3 imewekwa Windows 11, ujue mtu ameruka kizuizi. Inawezekana, na mashine itafanya kazi, lakini Microsoft imesema wazi kwamba mashine za aina hiyo hazina haki ya kudai masasisho. Siku sasisho kubwa likigoma, hakuna wa kumlalamikia.

Kama tayari unayo ya zamani, usiitupe. Microsoft inatoa masasisho ya usalama ya ziada kwa Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026 kwa anayejiandikisha. Baada ya hapo weka Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, iendelee kuandika barua na kufungua YouTube miaka mingine. Ninachokataa ni kwenda kuinunua leo.

Halafu kuna suala la RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, ambalo limebadilika haraka. Zamani ushauri wangu ulikuwa mwepesi: chukua yenye GB 4, utaongeza baadaye. Sasa hivi siusemi tena. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya kwa sababu watengenezaji wamegeuzia viwanda vyao kwenye vituo vya data vya akili bandia, ambako ndiko pesa iliko. Desemba 2025 kampuni ya Micron ikatangaza kuifunga biashara ya Crucial, jina ambalo mafundi wengi wamelitegemea kwa RAM na SSD, yaani hifadhi ya mafaili. Hata DDR4, aina ya RAM inayoingia kwenye mashine hizi, imevutwa na wimbi hilo. Kwa hiyo nunua laptopu ambayo GB 16 zimo tayari, au angalau 8. Muuzaji aliyenunua mzigo wake kabla bei haijapaa bado anaihesabu RAM kwa bei ya zamani, na hapo ndipo pa kupatia faida.

1. Lenovo ThinkPad T480

Ni ya 2018, ni nene kidogo, na haina sura. Kwa mwanafunzi, mwandishi, mhasibu au anayeanza kujifunza programu, sijaona mtumba unaoishinda.

Igeuze uone. Nyuma kuna betri inayotoka kwa kusukuma vishikizo viwili, bila bisibisi. Ndani kuna betri nyingine ndogo ya Wh 24 (Wh ni kipimo cha chaji inayobeba). Maana yake unaweza kuchomoa ya nje iliyokwisha, ukaweka nyingine iliyojaa, na mashine isizime. Inaishi kwa ile ya ndani wakati unabadilisha. Betri ya nje zipo za Wh 24, 48 na 72. Ile ya 72 imetokeza chini kama kisigino na inainua mashine kidogo, ila kwa mtu anayeishi mahali umeme unakatika mchana kutwa ndiyo ya kuitafuta. Toleo lililofuata, T490, liliondoa utaratibu huo wote.

Ukifungua kifuniko cha chini unakuta sloti mbili za RAM, zote zinabadilishika, SSD ya kuvuta na kuweka, kadi ya Wi-Fi, na feni unayoweza kuifikia kwa brashi. Kibodi ikifa inabadilishwa. Kwa nchi yenye vumbi kama yetu, kuweza kusafisha feni bila kuivunja mashine ni jambo zito kuliko wembamba.

Sasa ubaya wake. Kwanza kioo. T480 ziliuzwa na vioo vya aina kadhaa, na cha bei ya chini ni 1366 kwa 768, rangi zimepauka na ukiinamisha kidogo kila kitu kinageuka kijivu. Dai cha 1920 kwa 1080. Pili, tundu la USB-C. Kulikuwa na hitilafu kwenye programu ya ndani ya chipu ya Thunderbolt, inayoendesha tundu hilo: baada ya muda tundu linaacha kupokea chaji, na T480 haina njia nyingine ya kuchajiwa ila USB-C. Lenovo walitoa sasisho la kuirekebisha, lakini mashine iliyokaa kabatini ofisini huenda haikulipata. Yapo matundu mawili ya USB-C upande wa kushoto. Chomeka chaja katika yote mawili, moja baada ya jingine, na yote yaonyeshe kuchaji. Ukifika nyumbani, kazi ya kwanza iwe kuweka sasisho hilo.

Usichanganye na T480s, yenye herufi moja ya ziada. Ni nyembamba na nzuri, ila sehemu ya RAM imechomewa kwenye bodi, sloti ni moja, na haina betri ya nje. Wauzaji wengi huziita zote "T480" na kutoza bei moja.

2. HP EliteBook 840 G5 na G6

Hii ndiyo ya kumpa mtu anayetaka laptopu inayopendeza mbele ya mteja. Bodi ya alumini, spika zinazosikika, kibodi yenye taa. Ndani kuna sloti mbili za RAM na SSD ya kubadilisha. Inachaji kwa chaja ya HP ya pini ya buluu na kwa USB-C pia, kwa hiyo tundu moja likifa bado unaishi. Hapo imeishinda ThinkPad.

Namba ya G ndiyo kila kitu hapa. G3 ni kizazi cha sita, G4 cha saba, G5 na G6 cha nane. Kwa macho G3 na G4 karibu hazitofautiani, na G5 na G6 vilevile, ndiyo maana hakuna kununua kwa picha ya WhatsApp. Na hata G5 usiiamini kwa jina tu: zipo zilizotoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha saba, i5-7300U. Soma prosesa yenyewe.

Kitu cha kukwepa ni kioo cha faragha. HP waliuza baadhi zikiwa na teknolojia waliyoiita Sure View, inayozuia jirani kwenye ndege asisome barua zako. Unabonyeza kitufe, kioo kinafifia kwa anayetazama upande. Tatizo ni kwamba hata ukikizima, kioo hicho haking'ai kama vingine kikitazamwa pembeni. Ukikuta EliteBook ambayo ukisogea nusu hatua tu giza linaingia, si betri ndogo, ni kioo. Chagua nyingine.

3. Dell Latitude 5490 na 7490

Imara, zinapatikana, vipuri vipo. Sina hadithi ndefu nazo. 5490 ni nene na nzito kuliko 7490. Zote mbili zina sloti za RAM zinazobadilishika.

Kinachonifanya niziweke ya tatu ni chaja. Dell huweka chipu ndogo ya utambulisho kwenye chaja zake za pini ya duara. Ukichomeka ya bandia isiyo na chipu hiyo, au yenye pini ya katikati iliyopinda, laptopu inawaka ila inakuandikia kwamba haijaitambua chaja, inakataa kuchaji betri, na inaipunguza prosesa mwendo. Nimeona watu wakiuza mashine nzima kwa bei ya hasara wakidhani bodi imekufa, kumbe tatizo lilikuwa waya. Ukinunua Dell, nunua na chaja yake halisi, na hapo dukani betri ipande angalau asilimia mbili tatu ukiwa umesimama.

Faida yake moja ambayo watu hawaitumii: chini ya kila Dell kuna namba fupi inayoitwa Service Tag. Iandike kwenye tovuti ya Dell, utaona mashine ilitoka kiwandani lini na ilikuwa na vifaa gani. Winga akisema "ya mwaka jana hii", tovuti inakupa mwaka wake wa kuzaliwa.

4. MacBook Air M1

Wengine wangeiweka ya kwanza, na kwa utendaji wana haki. Ilitoka Novemba 2020 na mpaka leo chipu ile haioni haya mbele ya laptopu nyingi mpya. Haina feni kabisa: hakuna kelele, hakuna tundu la kufyonza vumbi la Dodoma. Betri yake ikiwa nzima inamaliza siku ya kazi. Kwa anayehariri video za TikTok, muziki au picha, ichukue na usisome mengine.

Nimeishusha kwa sababu haitengenezeki. RAM ni sehemu ya chipu yenyewe, hifadhi imechomewa kwenye bodi. Ukinunua ya GB 8 na 256 utazikwa nayo hivyo. Kioo ni chembamba: acha punje ya mchanga au kifuniko cha kamera kati yake na kibodi, funga kwa nguvu, umekwisha. Na kioo kipya kinakaribia bei ya laptopu nyingine ya kawaida.

Hatari kubwa zaidi ni mashine iliyofungwa. Mac nyingi za mtumba zilikuwa za kampuni au shule, na nyingine zimeibwa. Usikubali kuonyeshwa mezani ikiwa imefunguliwa na picha nzuri ya milima. Mwambie muuzaji aifute yote hapo hapo, kisha iunganishwe na intaneti ya simu yako wakati wa kuiandaa upya. Ikidai akaunti ya Apple ya mtu mwingine, au ikiandika kwamba inasimamiwa kwa mbali na taasisi fulani, irudishe na uende zako. Wapo wanaosema "fundi wetu ataitoa hiyo". Anaificha tu; siku ukiifuta inarudi.

Mac za Intel sitaki hata kuzipa namba. Air ya 2017 ambayo bado inauzwa kwa fahari kubwa mitaani iliishia kwenye macOS Monterey. Za 2018 na 2019 zina ile kibodi nyembamba iliyowatesa watu kwa vumbi dogo tu. Na Apple wenyewe wametangaza kwamba macOS Tahoe, ya 2025, ndilo toleo la mwisho kwa Mac za Intel.

5. Laptopu ya magemu yenye kadi ya picha ya GTX 1650

Hapa nitaongea kama mpenda magemu, maana swali linakuja kila siku: "Hii itapiga GTA V?"

Kama magemu yako ni GTA San Andreas, Counter-Strike ya zamani, Minecraft au FIFA za miaka ya nyuma, huhitaji laptopu ya magemu. Mashine namba 1 hadi 3 zinatosha kwa picha zao za ndani, yaani chipu ya picha iliyomo kwenye prosesa, ilimradi RAM iwe vipande viwili. Hilo la vipande viwili si mapambo: picha za ndani hukopa RAM ya mashine, na GB 8 mbili zikifanya kazi pamoja zinapitisha data mara mbili ya kipande kimoja cha 16. Gemu lililokuwa linakwama linaanza kuteleza.

Ukitaka kupanda ngazi bila kununua mzigo wa kilo mbili na nusu, tafuta laptopu ya ofisini yenye Ryzen, prosesa ya AMD, mshindani wa Intel. EliteBook 845 G7, kwa mfano, inaweza kuwa na Ryzen 5 PRO 4650U ya kori sita, na picha zake za ndani ni bora wazi kuliko za Intel wa umri wa T480. Bahati mbaya wauzaji wengi hawazijui, na wasiozijua huziuza chini. Nisiseme sana, zitapanda.

Magemu mapya ndiyo yanadai kadi ya picha yake yenyewe, na kwa mtumba GTX 1650, iliyotoka 2019, ndiyo mlango. Lakini ijaribu ikiwa na joto. Kuiwasha na kuona picha ya Windows hakukuambii lolote. Weka gemu lolote zito, iendeshe dakika 20 mfululizo, weka kiganja juu ya kibodi, sikiliza feni. Ikizima ghafla, au gemu likianza laini kisha likageuka slaidi, joto limeishinda. Uliza pia chaja yake ya awali. Hizi kwa kawaida zinataka wati 120 au zaidi, na nyingi huuzwa na chaja ndogo ya kuokoteza.

Gemu la Valorant lina masharti yake. Kwenye Windows 11 ulinzi wake unadai TPM 2.0 na Secure Boot, kwa hiyo ile mashine ya zamani iliyorukishwa kizuizi huenda ikakataliwa, na kwenye Linux halichezeki kabisa. Na kama unachotaka ni mpira tu, wewe na washkaji sebuleni, nunua PS4 ya mtumba. Utabakiwa na chenji.

6. Chromebook

Nyepesi, betri inadumu, na bei yake inavutia hasa msimu ule boom linapoingia vyuoni na kila mwanafunzi ana haraka. Ila isome kwanza. Kila modeli ya Chromebook ina tarehe yake ya mwisho ya masasisho, na Google wanaitangaza wazi. Mwaka 2023 waliahidi miaka 10, lakini inahesabiwa tangu jukwaa la kifaa hicho lilipotoka, si tangu siku wewe uliyonunua. Fungua mipangilio, sehemu ya kuhusu ChromeOS, tarehe imeandikwa humo.

Zilizotoka mashuleni Marekani nyingi bado zimesajiliwa kwa shule. Ukiifuta inakuomba akaunti ya mwalimu aliyeko Ohio. Halafu kuna bando: mashine inayoishi mtandaoni kwa mtu anayenunua GB moja ya siku ni gharama ya kila siku. Programu za Windows kama SPSS, AutoCAD na Tally za kawaida hazikai humo. Kwa mtoto wa sekondari mwenye Wi-Fi nyumbani, sawa.

7. Mpya kabisa, kwenye boksi, Celeron na GB 4

Inanukia upya. Ina rangi ya dhahabu au buluu, inakuja na mkoba, na mzazi anaipenda kwa sababu "mtoto wangu simnunulii mtumba". Naelewa hisia hiyo, lakini angalia ndani: Celeron N4020 yenye kori mbili, RAM GB 4 iliyochomewa, na hifadhi ya GB 64 aina ya eMMC, ambayo ni jamaa wa memori kadi ya simu kuliko wa SSD. GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa Windows 11 inachokubali. Ukishaweka Windows, Office na picha za harusi ya dada, sasisho linalofuata halina pa kukaa, na hakuna sloti ya kuongeza kitu.

Kama ni lazima iwe mpya na mfuko ni mdogo, omba yenye prosesa ya Intel N100. Ina kori nne na ni mashine tofauti kabisa. Ila iwe na GB 8 na SSD halisi, vinginevyo umerudi palepale.

Ukiwa kaunta

Nenda mchana, na flashi, simu yenye bando na earphone. Kwenye orodha ya vitu vya kukagua watu hukumbuka kamera na spika. Haya hapa wanayoyasahau.

Betri. Fungua kidirisha cha amri (cmd), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotajwa. Kuna mistari miwili ya kulinganisha: uwezo iliozaliwa nao na uwezo unaojaza sasa. Ikiwa betri ya 50000 sasa inajaza 22000, hiyo ni chini ya nusu, na bei ishuke kwa gharama ya betri mpya. Muuzaji akisema "inakaa masaa manne", mwonyeshe hiyo ripoti.

BIOS, mipangilio inayowaka kabla ya Windows. Izime, iwashe, kisha bonyeza F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Mara nyingi hapa ndipo maneno huanza.

"Huko ya nini tena kaka, mashine iko safi."

"Naangalia tu, bosi wangu."

Ikidai neno la siri ambalo muuzaji hana, hicho ni kimeo hata kama kila kitu kingine kinang'aa. Siku ukitaka kuweka Linux au kubadili mpangilio wowote, utalipa fundi wa kuchezea bodi.

Windows. Kwenye kidirisha kilekile cha amri, andika slmgr /xpr. Ikijibu kwamba imewezeshwa kwa kudumu, vizuri. Ikitaja tarehe ya kuisha, mara nyingi ndani ya siku 180, ujue wameweka kwa njia ya mkato. Si sababu ya kuiacha, kwa kuwa laptopu nyingi za ofisini zina leseni ya Windows Pro ndani ya BIOS yake na ukiiweka upya kwa usafi inajiwezesha yenyewe. Lakini mkato huo huja na programu usizozijua, na wewe ndiye utakayefungulia benki humo. Ifute, uiweke upya ikiwa kwenye intaneti. Ni vyema ifanyike dukani, kwa sababu kama kampuni ya zamani haikuiondoa kwenye mfumo wake, ukurasa wa kuandaa utakukaribisha kwa jina la kampuni hiyo na kudai barua pepe ya mfanyakazi.

Kibodi. Mzigo wa Ufaransa una A palipo na Q, wa Ujerumani una Z palipo na Y. Wauzaji hubandika stika, nazo hubanduka kwa jasho. Kama unaandika bila kutazama, haina shida. Kama unatazama, omba punguzo au chagua nyingine.

Bawaba. Fungua kwa kidole kimoja katikati, halafu kwenye kona. Kioo kikijipinda au plastiki ikilia upande mmoja, bawaba imeshaanza kung'oa kava lake.

Mwisho wa yote, risiti. Idai ya EFD, na juu yake iandikwe namba ya mashine iliyo chini ya laptopu, prosesa kamili, RAM na siku za waranti. Risiti iliyoandikwa "laptop HP moja" inaweza kuwa ya mashine yoyote iliyomo dukani, na ukirudi wiki ijayo na kioo chenye mistari, utaambiwa hawajawahi kuiona.